Rivasi kwenye kayaki ya tanga: ina kazi au ni mbwembwe?

"Shikamoo mzee. Naishi Kunduchi, Dar es Salaam. Kuna mtu anahama nchi, anauza kayaki yake ya tanga ya watu wawili, Hobie Tandem Island ya mwaka 2014, ile yenye pedeli. Iko safi na bei yake naimudu. Shida ni moja: pedeli zinaipeleka mbele tu, rivasi haina. Rafiki yangu ana kayaki ya kuvulia yenye rivasi, anasema kununua isiyo nayo siku hizi ni sawa na kununua gari lenye gia za mbele peke yake. Nataka niwe nakwenda kisiwa cha Mbudya na mke wangu wikiendi, na kuvua kidogo nje ya eneo la hifadhi. Ninunue, nisubiri yenye rivasi, au ninunue hii kisha nibadilishe mtambo?"

Marahaba, mwanangu. Inunue. Rivasi utaifikiria baada ya mwaka mmoja wa kuitumia, na nahisi ukifika hapo utakuwa umeshaona pesa hiyo ina kazi nyingine kwenye chombo hicho hicho.

Rafiki yako hajakosea kwa upande wake. Yeye anavua. Kayaki ya kuvulia inashinda siku nzima ikikaa sehemu moja, ikisogea mbele hatua mbili na kurudi hatua mbili, kama gari linalotafuta kuegesha Kariakoo. Ya kwako ina tanga la zaidi ya mita 8 za mraba, na chombo chenye tanga kinaishi kwa kwenda mbele. Kikisimama kimekufa: usukani hauna maji ya kuukamata, upepo unakichukua unakotaka wenyewe. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni lini chombo cha tanga kinahitaji kurudi nyuma, na ikifika saa hiyo, huna njia nyingine?

Kwanza ujue unachonunua. Mtambo wa Hobie, unaoitwa MirageDrive, ulianza kuuzwa mwaka 1997, na hautumii rafadha, yaani pangaboi ya majini. Chini ya chombo kuna mapezi mawili yanayopepea kushoto na kulia, mfano wa mabawa ya pengwini anapoogelea. Miguu yako haizunguki kama kwenye baiskeli, unasukuma huu, kisha huu. Kwa miaka karibu ishirini mapezi hayo yalisukuma mbele tu, mpaka likaja toleo la 180, kwenye kayaki za mwaka 2017. Hapo zikaongezwa kamba mbili zenye vishikio: ukivuta moja, mapezi yanageuka nyuzi 180, na miguu ile ile, kwa mwendo ule ule, inakurudisha nyuma. Kampuni nyingine zinazotumia rafadha zilikuwa nayo rivasi bila kujisumbua, maana ukipiga pedeli kinyumenyume rafadha inazunguka kinyumenyume. Ila rafadha ukiiacha majini tanga likiwa limejaa, inakuburuza kama ndoo, inabidi uipandishe. Mapezi unasukuma pedeli moja mpaka mwisho yanalala bapa chini ya tumbo la chombo, unaendelea na safari. Kwa mtu wa tanga, kulala huko kwa mapezi kuna thamani kuliko rivasi, na hiyo ya 2014 inalala vizuri tu.

Sasa njoo kwenye tanga lenyewe. Kutoka Kunduchi kwenda Mbudya unaelekea mashariki. Wakati wa kusi upepo unakujia mbele kulia, wakati wa kaskazi unakujia mbele kushoto. Kuna siku utafika kwa mwelekeo mmoja bila kugeuza, na kuna siku itabidi ubishe: unakwenda huku kidogo, unageuza omo, yaani pua ya chombo, kupita kwenye upepo, unakwenda huku tena. Hapo kwenye kugeuza ndipo watu wengi wa vyombo vyenye matengo mawili, yale maboya ya pembeni yanayozuia kupinduka, wanaponasa. Chombo ni kirefu, matengo yanakokota maji, mwendo unaisha kabla omo haijapita upande wa pili. Kinasimama kimeukodolea macho upepo, tanga linapiga makofi, na mawimbi yanaanza kukisukuma kinyume.

Kwenye mashua ndogo isiyo na pedeli, baharia anajua la kufanya: anashika tanga kwa mkono kulitega kinyume, anageuza usukani kinyume, anaacha chombo kirudi nyuma chenyewe mpaka omo iangukie upande anaoutaka. Ndiyo maana mtu akisikia rivasi anadhani ni dawa ya ugonjwa huo. Kwamba inafanya kazi, inafanya. Nimeijaribu. Lakini mikanyago minne au mitano ya pedeli kwenda mbele inafanya kazi hiyo hiyo kwa nusu ya muda, na inakutoa ukiwa tayari na mwendo. Tena ukizoea, husubiri kukwama. Unaanza kupiga pedeli kabla hujageuza, unapita kwenye upepo huku miguu inasukuma, tanga likishajaa upande wa pili unalaza mapezi. Wenye ngalawa wanaohamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, kila wanapobisha wangekuona ungewatia wivu.

Kuna faida nyingine ya pedeli za mbele ambayo rafiki yako haijui kwa kuwa hana tanga. Upepo ukiwa hafifu, piga pedeli taratibu huku tanga limefunguliwa. Mwendo unaouongeza kwa miguu unazaa upepo wake, upepo huo unaongezeka kwenye ule wa kweli, na tanga lililokuwa limelegea linapata kitu cha kushika. Chombo kinapanda joshi, kule upepo unakotoka, kwa pembe ambayo tanga peke yake lisingeweza. Mimi safari zangu nyingi za asubuhi, umande, ule upepo wa nchi kavu, umeshakufa na upepo wa bahari haujaamka, nazimaliza hivyo. Rivasi haiguswi.

Usidhani naidharau. Kuna pahala niliitamani mpaka nikajuta.

Mwaka fulani niliingia na mpwa wangu kwenye mkono wa mikoko pale kwenu Kunduchi, maji yamejaa, tukifuata ndege. Chombo ni hicho hicho cha aina ya kwako: urefu mita 5 na nusu na zaidi, upana mita 3 ukitandaza matengo. Tulikwenda vizuri mpaka njia ikabana, mizizi kushoto, mizizi kulia. Kugeuza haiwezekani, hata ukikunja matengo urefu unabaki pale pale. Na maji yalikuwa yameanza kupwa. Nilichomoa mtambo nikauweka mapajani, mpwa wangu nyuma akageukia tezi, yaani nyuma ya chombo, na kafi, mimi nikawa nasukuma kwa mikono kwenye mizizi. Chaza wa kwenye mikoko wana ncha kama wembe; vidole vyangu vilitoka damu mpaka kwenye kiti. Tulipotoka kwenye maji mapana ilikuwa imeshapita nusu saa, kwa umbali ambao tulikuwa tumeuingia kwa dakika chache. Siku hiyo ningekuwa na rivasi ningevuta kamba, nikatoka nikipiga mluzi.

Pahala pengine ni penye vyombo vingi vilivyofungwa, kama Msasani pale mbele ya Yacht Club na Slipway. Chombo chako mkiwa wawili na vikorokoro vyenu kinapita kilo 200, na hakina breki. Upepo ukiwa nyuma yako unafika kwenye boti ya mtu kabla hujamaliza kufikiri. Rivasi hapo ni breki hasa: unavuta kamba, unapiga miguu mitatu, umesimama. Nikiulizwa kazi moja ya rivasi inayostahili kulipiwa, nitataja kusimama. Kurudi nyuma mbali kunakuja baadaye sana.

Vivyo hivyo mtu akianguka majini. Unamwendea kutoka upande wa chini ya upepo, unaachia tanga, na unataka usimame karibu naye bila kumpita. Asiye na rivasi lazima apime mwendo wake mapema, na akikosea anazunguka upya. Hili lifanyie mazoezi na mkeo kabla ya safari ya kwanza, tena mbadilishane, kila mmoja aokoe mwenzake. Na mtu akiwa karibu na chombo, miguu itulie. Mapezi ni laini kuliko rafadha, lakini pezi likikupiga kwenye goti hutalisahau.

Kwenye uvuvi nitamwachia rafiki yako ushindi wake. Samaki mkubwa akikimbilia kwenye mwamba, anayeweza kurudi nyuma anamvuta kwenye maji ya wazi bila kugeuza omo. Hapo hata mimi ninalalamika. Ila wewe umesema utavua kidogo, tanga litakuwa limekunjwa, na mko wawili: mmoja avue, mwingine ashike kafi.

Nyavu ni habari nyingine, na hapa wengi wanadanganyika. Bahari yetu imejaa majarife, nyavu za kutega, ambayo alama yake ni chupa ya maji ya lita moja na nusu inayoelea, na jua likiwa machoni huioni mpaka imekupita ubavuni. Ukisikia pedeli zimekuwa nzito ghafla, mwenye rivasi anavuta kamba na kukanyaga, akiamini anajinasua. Anajifunga zaidi, kwa sababu sasa uzi unazungushwa na pande zote mbili za mapezi. Acha kukanyaga. Legeza tanga, chomoa mtambo mzima juu, fungua uzi kwa vidole, ushushe tena wavu polepole. Kisu kiwe cha mwisho kabisa. Wavu wa mtu ni ugali wa watoto wake, na mwenyewe mara nyingi yuko kwenye mtumbwi mita mia mbili kutoka hapo anakutazama.

Nikueleze na usukani, maana hakuna anayeutaja wakati wa kuuza. Usukani wa kayaki umetengenezwa maji yautelezee kutoka mbele kwenda nyuma. Ukirudi nyuma, maji yanaupiga kwa ukingo usio wake. Ukiuachia kidogo tu unavutwa kwa nguvu mpaka mwisho wa upande mmoja, na chombo kinafanya duara. Ushike imara, uupe miendo midogo. Mwelekeo wenyewe ni kama wa gari: ukikata kulia huku unarudi nyuma, tezi inakwenda kulia. Dereva wa daladala angejifunza kwa dakika tano. Kinachowashinda watu ni kurudi nyuma tanga likiwa wazi. Tanga la chombo hiki halina fito ya chini, kwa hiyo linaweza kujaa upepo kinyume wakati wowote na kukusukuma usikokuwa na mpango nako. Sheria yangu ni fupi: kabla ya rivasi, kunja tanga. Linajiviringisha kwenye mlingoti kwa kuvuta kamba moja, huna kisingizio. Na kwenye mawimbi yanayovunja, kama Coco Beach siku ya kusi kali, usirudi nyuma kabisa. Tezi ni bapa na iko chini, wimbi linaingia mapajani kwako kama mgeni asiyebisha hodi.

Gharama sasa. Mtambo wenye rivasi una vitu vingi zaidi vya kuharibika: nyaya, vishikio, vipande vidogo vya kugeuza mapezi. Mchanga wetu hauna huruma navyo. Jirani mmoja aliniletea wake akilalamika kwamba kayaki "inacheza sindimba". Tulipoishusha majini nikaelewa: pezi la kulia lilikuwa limegeuka rivasi, la kushoto limebaki mbele. Kila akikanyaga, mguu mmoja unampeleka Bagamoyo na mwingine unamrudisha Kigamboni. Hakuwa ameuosha hata mara moja kwa miezi minane. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye waya mweupe kama sukari guru iliyomwagiwa unga. Maji ya bomba, mswaki wa zamani, subira ya mchana mzima, ukapona. Waya wenyewe ungekuwa umekatika, angesubiri mzigo kutoka nje, kwa sababu spea hizi huzipati kwa kuzunguka maduka ya Kariakoo. Huo wa 2014 una minyororo na nyaya zake pia, na unahitaji kuoshwa vile vile, lakini vipengele ni vichache na unaviona vyote kwa macho.

Kama una pesa ya ziada na lazima iishie kwenye mtambo, basi angalia mapezi yanayojikunja yakigonga kitu, ambayo nayo yalikuja kwenye matoleo ya baadaye. Mapezi yanashuka chini ya chombo kama dhiraa moja hivi. Wewe wa Kunduchi unajua bamvua: tofauti ya maji kupwa na kujaa inapita mita 3, na pale ulipopita alfajiri ukielea, saa nne asubuhi kina mama wanaokota chaza. Kugonga mwamba au fungu la mchanga kutakutokea mara nyingi kuliko kuingia kwenye mikoko. Pezi gumu likigonga mwamba kwa mwendo wa tanga, mlingoti mdogo wa chuma unaolishika unapinda, na kurudi nyumbani unapiga kafi. Pezi linalojikunja linasamehe.

Ukiamua kubadilisha mtambo mzima, usitume pesa kwa kuangalia picha ya muuzaji. Chomoa huo wa zamani, piga picha tundu lake na vifungo vya pembeni, pima urefu na upana, mtumie akuandikie kwamba wake unaingia kwenye chombo cha mwaka huo. Akikujibu "unaingia tu, usijali", tafuta muuzaji mwingine.

Siku ya kwenda kuikagua, chukua tochi. Ishushe ndani kupitia kifuniko cha mbele, angalia pale mlingoti unapokalia chini. Ufa wa hapo ndio unaoua vyombo hivi, si kukosa rivasi. Shika kila pezi utikise kwenye chuma chake. Kama linacheza sana, ombi la kupunguziwa bei lina msingi. Kanyaga pedeli ukisikiliza: mkwaruzo ni mchanga, mlio wa kukatika katika ni mnyororo umechakaa. Fungua tanga lote, lipime mwanga wa jua kwa nyuma. Jua la Dar linakula nyuzi za mshono kabla ya kitambaa. Muulize alikuwa analiacha limefungwa mlingotini nje au analiingiza ndani.

Ukishaipata, nunua makafi mawili mazuri, siyo moja, na yafungwe kwa kamba. Ongeza upondo wa mwanzi wa mita mbili na nusu, uufunge ubavuni. Wazee wa ngalawa wamerudi nyuma kwa upondo miaka yote hiyo, na kwenye maji ya kiunoni juu ya fungu hakuna mtambo unaoushinda, kwa sababu hapo mapezi yenyewe hayana pa kushuka.

Jumapili ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi upepo ukiwa mwanana, shukeni pale pale Kunduchi bila kwenda popote. Tia boya la chupa, ulifikie mara kumi, na mara zote kumi usimame bila kuligusa: kwa kuachia tanga, kwa kugeuza omo kwenye upepo, kwa kafi. Ukiweza mara nane kati ya kumi, niandikie tena kuhusu rivasi.